Kochi Alisema Wote Wapo

Kila Ijumaa mnanifuata hapa Fereej Bin Mahmoud, Doha, kwenye duka la chai ya karak, mkiwa mmevaa viatu vipya vya kupandia milima na mmebeba maswali yale yale. Mzee Mwakio, kamera gani inafaa? Mzee Mwakio, tunapeleka watu milima ya Omani kiangazi hiki, tuanze na kilele gani? Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza maji yabebwe kiasi gani. Hakuna aliyeuliza mtu akizimia juu anateremshwa vipi. Mnataka kujua jua linachomozea wapi ili picha itoke vizuri. Haya, kaeni leo, mniagizie chai nyingine, niwaambie kuhusu hii kazi mnayodhani ni ya kupiga picha.

Nimeendesha magari ya jangwani mjini hapa mpaka mwili ukanikatalia. Sasa nakaa kwa binti yangu kule Muaither, nabishana na wajukuu kuhusu rimoti ya televisheni. Lakini zamani nilikuwa naitwa kila watu wa Doha waliposhikwa na kichaa cha kutafuta mahali penye mwinuko. Kichaa chenyewe nakielewa. Nchi hii ni tambarare kama sinia. Mtu aliyezaliwa Taita kama mimi, au Meru, au Elgon, anakaa hapa miaka na miaka bila kuinua macho ila kutazama maghorofa ya West Bay. Kupanda kwetu ni kwa lifti.

Ila mwenye akili huenda milimani wakati wa baridi. Nyinyi mnaenda kiangazi, kwa sababu siku hizi ndipo likizo ya Iddi inapoangukia, na kwa sababu kuna mtu mtandaoni amewaambia kwamba joto linajenga tabia. Joto halijengi tabia. Joto linachemsha ubongo, na wengine wenu hamna wa kuchemsha kwa fujo.

Mimi nilifundishwa na fundi mmoja wa Kibaluchi, mtu asiyesema sana. Mara ya kwanza kunipeleka mchangani, kule kusini, gari likanasa. Nikakanyaga mafuta. Likazama. Nikakanyaga tena, likakaa chini kwa tumbo kama kuku anayeatamia. Yule fundi alishuka, akatandika kitambaa kwenye kivuli cha gari, akaanza kula tende. Nilipozima injini nikiwa nimelowa jasho, akaniuliza, "Khalas? Umemaliza kuchimba?" Ndipo akanionyesha kupunguza upepo wa matairi mpaka yakalala, na kuondoka taratibu kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Leo mna vitufe vya kila aina kwenye dashibodi, na bado nawakuta mmenasa, mmelizunguka gari mkilishutumu.

Milimani ni elimu nyingine. Breki ni za kusimamia, gia ndiyo ya kushukia. Yule dereva mnayemsifu, anayeteremka mlima huku akitabasamu kwenye simu, siku moja nilimpita amesimama kandoni, magurudumu yakitoa moshi na abiria wake wakisali kwa lugha nne. Nilimpigia honi ya salamu nikaendelea.

Na makorongo yale, yale mabonde makavu wanayoita wadi, hayo nilifundishwa na Bwana Seif. Huyu ni mzee wa Kiomani mwenye shamba la makomamanga na mbuzi pale bonde linapofunguka. Mara ya kwanza kukutana naye nilimsalimu na kumwuliza njia kwa Kiarabu nilichookota Doha. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana, kisha akasema, "Sema Kiswahili, bwana. Hicho Kiarabu chako chanipasua masikio." Kumbe kazaliwa Pemba, kahamia Omani akiwa kijana, na Kiswahili chake ni kile cha kwao, kitamu, kinachokufanya uone aibu kwa cha kwako. Yeye ndiye aliyenishika kichwa akakiinua, nione nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, juu kabisa kuliko mtu angefikia akinyoosha mkono. "Zile hakuzitia ndege," aliniambia. "Maji yalifika pale. Ukitaka kukaa ndani ya wadi, kwanza jiulize ukiwa umesimama hapa maji yakupita kwa wapi." Ndani ya wadi hukai muda mrefu, hulali, hutandiki mkeka. Mvua inanyesha mlimani, wewe huku chini uko kwenye jua kali, na maji yanakujia bila wingu hata moja juu ya kichwa chako.

Sasa niwape kisa cha Kochi.

Jina lake Brayo. Alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la West Bay, kijana wa Nairobi, kifua kama kabati. Alikusanya Wakenya wenzake jioni wakimbie ufukweni, halafu wapande ngazi za maegesho ya magari, yeye mbele akipuliza filimbi. Hakutaka kuitwa Brayo. Alikuwa Kochi. Aliongea kwa misemo ya kuchapwa kwenye fulana: maumivu ni ya muda, mlima uko akilini, anayechoka hajataka. Mimi nimezaliwa mlimani. Mlima hauko akilini. Uko nje, na una mawe.

Basi Kochi akapanga safari ya likizo ya Iddi: kilele kimoja, korongo moja, kurudi Doha na video. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ikanipa Land Cruiser na abiria saba. Kochi mwenyewe, vijana wanne wa gym waliokuwa wakicheka kila alipocheka, na wanawake wawili. Mmoja ni Sister Nekesa, nesi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, aliyekuja na begi la dawa ambalo Kochi alisema litawapunguzia kasi. Wa pili ni Tabitha. Tabitha alikuwa akifua na kunyoosha mashuka kwenye hoteli moja, mtu mzima, mnene kiasi, wa huko huko Elgon. Magoti yake yalikuwa yameharibika kwa kusimama. Nilimwuliza njiani kilichomleta kwenye safari ya vijana. Akasema, "Baba, nimekaa Doha mpaka naota mlima. Nataka nisimame mahali juu, nitazame chini. Hicho tu."

Tukapita Abu Samra, tukaikata Saudia, tukaingia Imarati, tukatokea Omani. Kwenye kila mpaka Kochi alishuka akapiga pushapu mbele ya askari wa forodha. Askari mmoja aliniuliza kama huyu ni mgonjwa. Nikamwambia bado tunachunguza.

Siku ya kilele walianza kupanda alfajiri, na huko juu hewa ni nzuri hata kiangazi, hilo sikatai. Mimi nilibaki na gari, kama kawaida ya dereva. Jua halijapanda sana nikaona mtu anashuka peke yake kati ya mawe, akishika hapa na pale. Alikuwa Tabitha. Nikamkimbilia na maji.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamepanda."

"Wewe umeumia?"

"Sijaumia. Kochi amesema nawaharibia muda. Ameniambia nirudi kwenye gari." Akanywa maji, akatazama nyuma. "Nilikuwa nakiona kilele, Baba. Kilikuwa hapo tu."

Hebu fikirini. Unamchukua mtu mlimani, njia hajui, jua la kiangazi linakuja, na unamwambia ashuke peke yake kwa sababu anakuchelewesha kupiga picha. Wakulima wa kwetu hawamfanyii punda hivyo. Kochi aliporudi nilimwambia hivyo hivyo, na punda nilimtaja. Akanipiga bega. "Mzee, hii ni form ya washindi. Wewe tuendeshee gari tu." Wale vijana wanne wakacheka. Sister Nekesa hakucheka. Alikuwa mbele kabisa ya msafara wakati Tabitha akirudishwa, hakuwa ameambiwa, na nilimwona akimtazama Kochi kama nesi anavyotazama kidonda kinachoanza kunuka.

Kesho yake tukateremka kwenye korongo. Kuta za mawe pande mbili, katikati changarawe na vidimbwi vya maji ya kijani. Niliegesha gari juu, kwenye ukingo wa shamba la Bwana Seif. Nilimwambia Kochi mambo mawili tu: watoke kabla ya adhuhuri, na wasimwache mtu. Akaniashiria kwa dole gumba bila kunitazama, kwa kuwa alikuwa anajirekodi.

Adhuhuri ikafika, ikapita. Bwana Seif akaja amekinga mkono juu ya macho, akitazama mlimani na si bondeni. Nami nikatazama. Kichwa cha mlima kilikuwa kimevaa weusi.

"Mwakio, watu wako wametoka?"

"Bado, Bwana Seif."

"Wangapi?"

"Saba."

Hakunigombeza. Alimwita mpwa wake kwa Kiarabu alete kamba, akavua viatu vyake vilivyojaa vumbi, akaanza kutembea kuingia kwenye korongo, mimi nyuma yake. Mzee yule ana miaka ya kunizaa karibu, lakini siku ile nilimfuata huku mapafu yakinitoka.

Hatukwenda mbali. Tuliwakuta Sister Nekesa na Tabitha wameketi juu ya jiwe bapa, katikati kabisa ya wadi, miguu ndani ya kidimbwi. Magoti ya Tabitha yalikuwa yamevimba kama maembe. Nekesa alikuwa ameyafunga bendeji. Kochi alikuwa amewaambia wasubiri hapo, wao wanafika mbele kidogo na kurudi. Alimwambia Nekesa aendelee na timu, asije akakosa picha. Nekesa akajibu kwamba picha anazo nyumbani, akabaki.

Bwana Seif hakupaza sauti. "Dada zangu, inukeni. Viatu wacheni. Twende juu, maswali baadaye."

Kulikuwa na njia ya mbuzi ukutani, upana wa sahani. Nekesa alitangulia, akimvuta Tabitha mkono. Mimi nilikuwa nyuma nikimsukuma, na wanangu, pale hakuna heshima ya wapi pa kushika. Nilimsukuma kama gunia la mahindi linavyopandishwa lori. Tabitha alikuwa akilia na kuomba radhi kwa uzito wake. "Nisamehe, Baba. Nisamehe." Nikamwambia akiomba radhi tena namwachia.

Kilichokuja kwanza ni harufu, ya udongo uliolowa. Halafu ulimi wa maji ya kahawia, mwembamba, ukisukuma vijiti na makopo mbele yake, kama mtu anayefagia. Ungeuona ungecheka. Halafu nyuma yake yakaja yenyewe. Sitawaelezea sauti, kwa sababu mtadhani natia chumvi. Nitasema tu kwamba lile jiwe bapa walilokuwa wamekalia, kubwa kama kitanda, lilitoweka, na lilipoonekana tena lilikuwa linabingirika.

Tulisimama kwenye kijia kile migongo ikiwa ukutani. Nekesa alikuwa amemkumbatia Tabitha kiunoni. Mimi nilikuwa nawaza wale watano. Niliwaza mama zao. Hata Kochi nilimwazia mama yake.

Maji yalipopungua ukali, Bwana Seif alitambaa mbele kwa kile kijia mpaka penye kona, akatuita. Ng'ambo, juu kidogo ya mkondo, tukawaona. Wamebanana kwenye rafu ya jiwe kama nguo juu ya kabati. Kochi alikuwa juu kuliko wote, peke yake, kwenye kipande kizuri kikavu. Vijana wake walikuwa chini yake, na mmoja maji yalikuwa yanamlamba vifundo, kiatu kimoja hana, ameshika shina la mti. Nani alipanda kwanza, hilo lilionekana wazi.

Bwana Seif akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti juu ya maji. "Nyie! Watu wote mpo?"

Na Kochi akajibu. Mwangwi wa korongo ukalichukua jibu lake ukatuletea mara mbili.

"Wote tupo! Timu yote iko hapa! Hakuna mtu nimeacha!"

Tabitha alikuwa amesimama kando yangu. Bega lake lilikuwa linagusa langu. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Nekesa pia. Mwanamume yule alikuwa amewaacha wanawake wawili kwenye njia ya mafuriko, na alipoulizwa hawakumjia hata akilini. Angekuwa amesema wamekufa, ningemwelewa. Angelia, ningemwelewa. Alisema wote wapo.

Tabitha alifuta matope usoni kwa kiganja, taratibu, kama anayenyoosha shuka.

Mpwa wa Bwana Seif na majirani walikuja na kamba wakazungukia juu, wakawavuta wale watano mmoja mmoja kabla jua halijazama. Hakuna aliyekufa. Mzee aliwalisha wali na samli nyumbani kwake, na Kochi alipotaka kupiga naye picha, akamwambia, "Mimi nakulisha kwa kuwa ni mgeni. Sura yangu usiichukue."

Sasa sikilizeni namna watu wa aina hii wanavyofanya kazi, kwa maana mtakutana nao, na baadhi yenu mnaelekea kuwa wao. Hatujafika hata mpaka wa Saudia, Kochi yuko kiti cha mbele, simu imenyooshwa. "Wasee, nature ilitujaribu. Maji yalikuja kama ukuta. Lakini kiongozi haachi mtu nyuma." Sikio langu la kulia lilikuwa linasikia hayo yote, nami nimeshika usukani.

Nyuma ya gari Nekesa akasema, bila kupandisha sauti, "Kochi, sisi wawili tulikuwa wapi?"

Akashusha simu. "Sister, wacha mambo ya kuvunja timu moyo."

"Nimeuliza tu. Mzee wa watu alikuuliza kama wote wapo. Ukasema wapo. Mimi na Tabitha tulikuwa wapi?"

Yule kijana wa kiatu kimoja akageuza uso dirishani. Kochi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Adrenalini, Sister. Si unajua mambo ya adrenalini, wewe ni nesi."

"Najua," akasema Nekesa. "Haifuti watu."

Video ilitoka hivyo hivyo. Watu waliipenda. Kochi akaanza kualikwa kuzungumza juu ya uongozi, na alifanya sherehe ya kugawa medali za plastiki kwa washindi wa kilele. Tabitha hakuitwa, kwa kuwa kilele hakukifikia. Nekesa aliitwa, hakwenda. Juzi juzi nimewasikia wawili kati yenu mkisema Kochi ndiye mfano wenu. Ndiyo maana leo nimewakalisha. Chai hii ni chungu, najua.

Miezi ikapita, joto likaisha. Siku moja Tabitha akanipigia simu.

"Baba, ule mlima bado upo?"

"Mlima ulikuwa uende wapi?"

"Nipeleke."

Nilikuwa nimeshaacha kazi. Nilimwambia hivyo. Hakukata simu, na mimi nikaanza kutafuta gari. Nekesa alichukua likizo. Tukaenda watatu, wakati wa baridi, wakati ambao binadamu timamu hupanda mlima. Magoti ya Tabitha alikuwa ameyatibu kiasi, akanunua fimbo mbili. Na mimi, ambaye miaka yote ile nimewafikisha watu chini ya kilele nikabaki nikichemsha chai, safari hii nilifunga gari nikatia ufunguo mfukoni.

Tulipanda kama watu wanaotafuta sindano. Hatua chache, tunakaa. Hatua chache, tunakaa. Wazungu vijana walitupita asubuhi wakitusalimu, wakafika juu, wakala, wakateremka, wakatukuta bado tunapanda, wakatusalimu tena kwa huruma. Nekesa alikuwa akipima mapigo ya moyo ya Tabitha, halafu yangu, halafu yangu tena. Hakuna aliyepuliza filimbi.

Tukafika. Palikuwa na rundo la mawe na upepo. Chini, mbali, korongo limepasuka kama nchi imekatwa kwa shoka.

Tabitha akalizunguka lile rundo la mawe, akalichungulia kwa nyuma, kama anayetafuta kilichofichwa.

"Baba, ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

"Hapa tu?"

"Hapa tu, mama."

"Kochi alinirudisha kwa ajili ya haya mawe?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, fimbo zikamwanguka, na katikati ya kicheko kikageuka kilio, kile cha kutoka tumboni. Nekesa akaketi naye, akamshika mgongo, hakumwambia nyamaza. Mimi niligeukia upande mwingine, nikajifanya nafungua chupa ya chai.

Alipomaliza alipenga makamasi kwa mtandio, akavua viatu na soksi, akanyoosha ile miguu yake minene kuelekea korongoni.

"Msiniharakishe kushuka," akasema.

Hatukumharakisha.